Landrova ya vitunguu na injini ya Coaster

Pikapu ililetwa gerejini kwetu Karatu ikikokotwa na Fuso, mnyororo puani kama ng'ombe wa mnada. Ilikuwa Land Rover Defender 110 ya mwaka 1996, bodi pana ya mizigo, kijani kilichopaushwa na jua la Eyasi, na chini ya boneti injini yake ya kuzaliwa, 300Tdi. Kazi yake ilikuwa kutoa vitunguu Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, na kuvipandisha Karatu, kwa ile barabara ya vumbi, mchanga na mawe ambayo kila mchuuzi wa vitunguu wa Kaskazini anaijua kwa mgongo wake. Siku hiyo mpira wa juu wa rejeta ulipasuka katikati ya mlima. Dereva, mpwa wa mwenye gari, alitusimulia kwa sauti ya chini. Mshale wa joto ulipanda hadi kwenye nyekundu, akaogopa, akapunguza mwendo. Kisha mshale ukashuka wenyewe hadi chini kabisa. Akamshukuru Mungu kwamba imepoa, akakanyaga tena mafuta. Ilikwenda kilomita nyingine tatu ndipo ikagoma.

Kile kipande cha mshale kushuka ndicho kilichobeba kisa kizima, ingawa siku ile hakuna aliyekipa uzito, mimi nikiwemo. Kihisi cha joto kinasoma maji. Maji yakiisha, kinabaki kikining'inia kwenye hewa na mvuke, mshale unarudi chini, na chuma kinazidi kuiva.

Mwenye gari alifika jioni kwa bodaboda. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba, akazunguka gari mara moja bila kuinama. "Wanangu, nitoleeni hiyo. Niwekeeni Toyota. Mang'ola nzima wana Toyota, nani atanipa spea ya Mwingereza usiku?" Fundi mkuu akamwomba tuifungue kwanza ile ya zamani tuone imeungua kiasi gani. Mzee akakataa. Alikuwa ameshazungumza na mtu Arusha aliyekuwa na injini ya Toyota 1HZ iliyotolewa kwenye Coaster, na bei walishakubaliana. Kwa hiyo injini ya Landrova ilishushwa ikawekwa chini ya mwarobaini nyuma ya gereji, ikafunikwa turubai, na kazi ikaanza.

Mimi katika kazi hii nilikuwa mshika daftari: vipimo, risiti na makosa. Makosa yalijaza kurasa nyingi kuliko risiti.

Ukurasa wa kwanza una hesabu niliyoifanya usiku ule. 300Tdi ni injini ya silinda nne, lita 2.5, ina turbo na intakula ya kupoza hewa ya turbo, na kiwanda kinaipa farasi 111 na nguvu ya kuvuta ya Nyutoni-mita 265 kwenye mizunguko 1,800. 1HZ, iliyotoka mwaka 1990 na mpaka leo Landkruza nyingi za kazi zinatembea nayo, ina silinda sita za mstari mmoja, lita 4.2, haina turbo. Farasi wake ni takriban 130 na kuvuta kwake ni Nyutoni-mita 285 kwenye mizunguko 2,200. Yaani lita 1.7 zaidi za injini zinanunua Nyutoni-mita 20 tu. Na hizo 20 ni za usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo, na hewa ya huku kwetu ni nyepesi. Ziwa Eyasi liko karibu mita 1,030 juu ya bahari, Karatu karibu 1,500, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ambako Mzee hupita mara mojamoja akipeleka mzigo Endulen, ni karibu 2,300. Pale ukingoni hewa ina uzito kama asilimia 80 ya ile ya Tanga. Piga hesabu: 285 inakuwa kama 228. Hata Karatu penyewe inashuka hadi kama 246. Turbo ya 300Tdi inasukuma hewa ndani kwa nguvu, kwa hiyo inapoteza kidogo sana. Kwa maneno mengine, kwenye njia yote ya Mzee hakuna mahali ambapo injini mpya, kwenye kilele chake, ingemzidi marehemu.

Nilimpelekea daftari. Akaisoma ile hesabu yote, maana aliwahi kuwa karani wa chama cha ushirika, kisha akanirudishia. "Mwanangu, mlima haupandwi kwa kalamu."

Alikuwa na sehemu yake ya ukweli, nitaifikia.

Kabla sijaendelea niwajibu wanaosema Landrova yenye injini ya Toyota ni mzoga. Oktoba 2024 Arusha ilifurika Landrova za kila umri kwa ajili ya tamasha lao, na nilisikia watu wazima wakibishana kama gari la injini ya kuazima lina haki ya kusimama kwenye mstari. Historia ya gari lenyewe inacheka. Injini maarufu ya V8 ya Rover, kampuni iliyoizaa Landrova, asili yake ni muundo wa Buick, wa General Motors, ambao Rover waliununua mwaka 1965. Australia walipoona injini za Uingereza hazitoshi, Landrova za huko zilitoka kiwandani zikiwa na Isuzu 4BD1, dizeli ya lori ya lita 3.9, na jeshi lao likaziagiza kwa mamia chini ya jina Perentie, ambalo ni jina la kenge mkubwa wa nchi ile. Afrika Kusini, mwishoni mwa miaka ya 1990, Defender ziliuzwa na injini ya petroli ya BMW ya lita 2.8, silinda sita za mstari. Kuanzia mwaka 2007 hadi 2016 Defender za dizeli zilikuwa na injini ya Ford. Kwa hiyo Mzee wa Mang'ola hakuvunja mila yoyote. Na ile ya BMW ilitupa sisi mafundi kitu cha maana zaidi kuliko hoja ya kubishana: uhakika kwamba silinda sita za mstari zinaweza kulala chini ya boneti ile bila kukata ukuta wa kebini.

Uamuzi mkubwa wa kwanza ulikuwa giaboksi. Fundi mmoja alitaka tuchukue injini, giaboksi na transfa (sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma) vyote vya Landkruza tuvipandishe kama kifurushi. Inavutia, kwa sababu injini na giaboksi yake vinashikana bila kubembelezwa. Tatizo liko chini ya gari. Difu zote mbili za Landrova, ya mbele na ya nyuma, zimekaa upande wa kulia, na transfa yake, LT230, inatoa propela zote mbili, shafti za kupeleka nguvu kwenye difu, upande huohuo. Landkruza ya pikapu difu yake ya nyuma iko katikati. Ukiweka transfa ya Toyota, propela ya nyuma inakwenda mshazari, na propela ya mshazari yenye mzigo wa vitunguu inakula misalaba, vile viungo vyake vya kukunjia, kama njugu. Pia unapoteza foo-wili ya kudumu ya Landrova. Tukabaki na giaboksi ya Rover, R380. Hiyo namba 380 ndiyo kipimo cha nguvu iliyotengenezwa kuibeba, Nyutoni-mita 380, na 1HZ haiifikii hata siku ikiwa na hasira. Kilichobaki ni kuifunga injini ya Mjapani kwenye giaboksi ya Mwingereza, na hapo ndipo tulipoaibika.

Kati ya injini na giaboksi inatakiwa bamba: upande mmoja matundu ya Toyota, upande wa pili matundu ya Rover. Bamba la kwanza tulilichonga sisi wenyewe. Tulibandika karatasi ya boksi nyuma ya injini, tukagonga kwa nyundo ndogo kuzunguka matundu mpaka karatasi ikajikata alama, tukafanya hivyohivyo kwenye giaboksi, tukapanga karatasi mbili juu ya chuma cha milimita 20, tukatoboa. Boliti zote ziliingia. Tulishikana mikono. Gari lilipowashwa, gia ya kwanza na rivasi zilikataa kuingia bila kelele hata klachi ikiwa imekanyagwa hadi sakafuni, na gari likisimama kulikuwa na mlio mwembamba, kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa.

Boliti kuingia hakuthibitishi chochote. Shafti ya giaboksi inapita katikati ya klachi na ncha yake inaegemea kwenye bushi ndogo nyuma kabisa ya kranki, shafti kuu ya injini. Shafti na kranki zinatakiwa kuzunguka kwenye mhimili mmoja, na kosa linalovumilika ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Zaidi ya hapo klachi pleti inazunguka huku ikiyumba, haiachii vizuri, beringi ya mbele ya giaboksi inabeba mzigo wa ubavuni ambao haikuumbiwa, na siku moja kitovu cha klachi pleti kinang'oka. Tulishusha giaboksi tukafunga dayo geji, ile saa ndogo yenye mguu wa sumaku, kwenye kranki, tukazungusha injini kwa mkono huku sindano yake ikigusa tundu la belhauzingi, lile ganda la giaboksi linalofunika klachi. Kosa letu lilikuwa karibu milimita nzima. Sitaandika nilichosema.

Bamba la pili lilikerezwa Arusha kwenye lethi, likiwa na ukingo wa duara unaoingia kwenye belhauzingi kama kifuniko cha sufuria, kwa hiyo haliwezi kukaa pembeni hata ukitaka. Bushi ya shaba ilichongwa upya, ndefu kuliko ya kiwandani, kwa sababu unene wa bamba unaisogeza injini mbele na ncha ya shafti inaanza kukosa pa kushika. Flaiwili na presha pleti vilibaki vya Toyota. Klachi pleti ni mchanganyiko: sahani ya Toyota iliyopigwa ribiti kwenye kitovu cha meno ya Rover, kazi ya mzee mmoja anayebandika bitana za breki. Ilipimwa upya kwenye dayo geji kabla ya kufungwa. Kimya. Mbu alitoka kwenye chupa.

Wiki mbili ziliishia kwenye bamba. Mauntingi za injini zilichukua siku moja na nusu, ekzosti asubuhi moja, kebo ya mafuta saa mbili. 1HZ ya aina hii haina kompyuta, pampu yake ni ya kuzunguka kwa gia na kebo, na kwa mtu anayekwenda kuharibikia Eyasi hiyo ni neema. Springi za mbele zilibadilishwa kwa zile nzito, kwa sababu pua ilikuwa imeinama kama mtu anayetafuta sarafu.

Coaster ilitutega mara mbili. Mtego wa kwanza ni sampu, bakuli la oili chini ya injini. Basi halina ekseli ya mbele ya kuendesha, kwa hiyo tumbo la sampu yake linakaa popote lilipopata nafasi. Kwenye Landrova, pale lilipokaa ndipo ekseli inapopanda gari likiangukia shimo. Tulijua baada ya kushusha injini kwenye mauntingi na kusukuma ekseli juu kwa jeki: chuma kikakutana na chuma kabla raba za kuzuia hazijafika. Dawa ni sampu ya Landkruza. Ila sampu haiji peke yake, inakuja na bomba lake la kunyonya oili, kwa sababu bomba la Coaster linaishia mahali ambapo sampu mpya haina oili. Nimesikia ya mtu aliyebadilisha sampu akaacha bomba. Injini yake ilikunywa hewa kwenye mteremko wa kwanza.

Mtego wa pili ni umeme. Landrova ni volti 12. Coaster iliyotoka Japani ni volti 24. Stata ilibadilishwa, altaneta ikabadilishwa, hita plagi zote sita zikabadilishwa, na tukajiona wajanja. Injini ikawaka kwa mpigo mmoja. Ikatembea uani. Ilipokanyaga tuta dogo la getini ikazima. Ikawashwa, ikawaka. Tuta, ikazima. Tuliangalia dizeli, filta na hewa kwenye mabomba, tukashinda siku nzima tukilifuata bomba kama watu wanaofuata nyuki. Jioni kijana wa umeme, ambaye bado anajifunza, akauliza ile solenoidi ya kukatia dizeli kwenye pampu ni ya volti ngapi. Kila mtu akanyamaza. Ilikuwa ya 24. Kwa volti 12 ilipata nguvu ya kuvuta kidogo tu, ikafungua njia ya dizeli, lakini haikuwa na nguvu ya kujishikilia gari likitikisika. Kijana alinunuliwa soda mbili na fundi mkuu mwenyewe, jambo ambalo sijaliona tena.

Sasa maji.

300Tdi kwenye Defender ina rejeta nyembamba, kwa sababu pembeni yake imekaa intakula. 1HZ haina turbo, kwa hiyo intakula inatoka na nafasi yake inabaki wazi, zawadi kubwa ambayo watu wengi hawaitumii. Tuliitumia: rejeta pana ya safu nne, iliyosogezwa mbele kuipisha injini yenye silinda mbili zaidi. Feni ya Toyota ikawa umbali wa vidole vinne nyuma yake. Kava la feni halikuwepo, la Landrova halikuenea na la Coaster lina umbo la basi. Mzee alikuwa amepiga simu mara ya nne, vitunguu vilikuwa vimeng'olewa, bei ilikuwa nzuri. Tukaamua kava litafuata.

Majaribio yalikuwa ya kweli: tupu hadi Mang'ola, kurudi na magunia. Nilikaa kiti cha abiria. Kushuka, kila kitu kilikuwa baridi. Kwenye mchanga wa bondeni, gia ya pili ya hevi, zile gia nzito za mwendo wa polepole, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, mshale ukaanza kupanda. Tukasimama, injini ikiunguruma, ukashuka kidogo. Tukaenda, ukapanda tena. Nilifungua boneti nikaweka kiganja mbele ya rejeta kuona kama karatasi ya risiti itanaswa na upepo wa feni. Ilianguka chini. Feni ilikuwa inavuta hewa ya pembeni, ile iliyo rahisi kuipata, na kuizungusha humohumo ndani ya boneti. Kupitia rejeta hakikupita kitu. Kwenye lami usingejua, mwendo wa gari unasukuma hewa wenyewe. Kwenye mchanga, gari limebeba mzigo na haliendi popote, feni ndiyo tegemeo lote.

Na hapo, nimesimama kwenye mchanga na risiti mguuni, nikamkumbuka dereva na mshale wake ulioshuka. Tulikuwa tumekaa wiki tano kubadilisha injini iliyokufa kwa kukosa maji, na tulikuwa tunaelekea kuiua ya pili kwa joto lilelile, kwenye barabara ileile, na dereva yuleyule. Hakuna aliyekuwa ameuliza swali kuhusu maji. Tulijadili chapa.

Tulirudi usiku, polepole, madirisha wazi na hita ya ndani imefunguliwa hadi mwisho ili isaidie kupooza, jasho likitutoka kama wapishi wa pilau. Kava lilitengenezwa kesho yake kwa bati la milimita moja na nusu, duara lake likizunguka feni kwa nafasi ya kidole kimoja, feni ikiwa nusu ndani ya kava na nusu nje. Risiti ikanaswa kwenye rejeta na kubaki pale. Chupa ya maji ilipandishwa iwe juu kuliko kichwa cha injini, kwa sababu 1HZ ni ndefu na hewa ikibaki ndani wakati wa kujaza maji inajificha na kukusubiri mlimani. Kitu cha mwisho, ambacho kwangu ndicho bora katika kazi yote: kihisi cha pili, kilichofungwa kwa boliti kwenye chuma cha hedi chenyewe, chenye king'ora kebini. Hicho hakisomi maji. Maji yakiisha yote, bado kitalia. Dereva alionyeshwa. Akaguswa, nadhani, maana alikisafisha kwa shati lake.

Mzee alitaka jambo jingine, mwendo wa lami. Mtu alimwambia atafute LT230 ya Discovery, ambayo uwiano wake wa juu ni 1.22 badala ya 1.41 wa Defender, gari likimbie injini ikiwa imetulia. Nilipinga. Kwa difu za 3.54, gia ya tano na matairi ya 7.50-16, transfa yake ya zamani inaipa injini kama mizunguko 2,560 kwenye kilomita 100 kwa saa, na kama 2,300 kwenye 90. Hapo 1HZ iko karibu kabisa na mahali inapovuta vizuri zaidi. Ya Discovery ingeishusha hadi kama 2,200 kwenye 100, jambo zuri Makuyuni, ila kila gia ya mlimani ingekuwa ndefu zaidi kwa injini ambayo tayari inakosa hewa. Safari hii alinisikiliza.

Kadi ya gari ilikuwa imeandikwa namba ya injini ya zamani na ujazo wake. Kuna wenye magari wanaoiacha hivyo, wakitegemea kwamba trafiki hafungui boneti. Trafiki anaweza asifungue, ila mkaguzi wa bima baada ya ajali atafungua, na hapo bima kubwa uliyolipia inageuka karatasi. Tulipiga picha namba ya 1HZ ikiwa bado sakafuni, maana ikishafungwa kuisoma ni kazi ya nyoka, tukamlazimisha muuzaji atoe risiti yenye namba hiyo na maelezo ya gari ilikotoka, pikapu ikapelekwa kukaguliwa na polisi, kisha mabadiliko yakapelekwa TRA. Ilichosha. Zamani ujazo mkubwa ungemuumiza pia kwenye rodi laiseni, lakini ile ada ya kila mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya mwaka 2017.

Gharama: injini yenyewe haikufika nusu ya fedha zote. Kilichobaki kilikwenda kwenye mabamba mawili, rejeta, sampu, umeme wa volti 12, springi, klachi, na siku ambazo gari halikubeba vitunguu, ambazo Mzee huzihesabu kwa sauti kila tukionana.

Pikapu sasa imemaliza msimu mzima. Inakunywa zaidi: ile ya zamani ilikuwa ikikaribia kilomita 10 kwa lita ikiwa na mzigo wa kawaida, hii inapata 8 kasoro. Kwenye ukingo wa Ngorongoro, akienda Endulen, dereva mwenyewe anakiri kwamba inahema na moshi unakuwa mweusi, na panapokuwa na kona kali anashuka gia moja zaidi ya zamani. Daftari halikudanganya. Lakini lilikuwa halijauliza swali lote. Turbo ya 300Tdi inaamka kwenye mizunguko kama 1,500. Chini ya hapo unaendesha injini ndogo ya lita 2.5, na kwenye mchanga au kwenye jiwe ambalo tairi linataka kulipanda taratibu, ni chini ya hapo ndipo unapoishi. Dereva alikuwa akilazimika kukanyaga na kuchezea klachi ili turbo iamke, kisha gari linaruka, tairi linachimba. Lita 4.2 hazihitaji kuamshwa. Anaachia klachi, gari linapanda kwa sauti ya trekta, mguu haujagusa mafuta. Klachi ya kwanza ya gari hili katika miaka ya hivi karibuni kumaliza msimu bila kuungua ni hii. Mzee hakujua Nyutoni-mita, ila alikuwa amekaa miaka akisikiliza gari lake likihangaika kwenye mchanga ule, na alichokitaka ni hicho.

Na spea alizipata, kama alivyosema. Filta ya dizeli iliwahi kuziba Mang'ola saa mbili usiku, akainunua dukani kwa muuza sabuni.

Mwezi uliopita tulihitaji nafasi nyuma ya gereji, turubai likafunuliwa. Niliifungua ile 300Tdi mwenyewe, Jumapili, kwa udadisi tu. Hedi ya alumini ilikuwa imepinda, kama ilivyotarajiwa, gasketi imepasuka kati ya silinda ya pili na ya tatu. Pistoni mbili zilikuwa na mikwaruzo. Bloku, zima. Kranki, nzima, beringi zake bado zinang'aa. Hedi ilisagwa, silinda zikatanuliwa kwa pistoni za saizi ya juu, tukanunua gasketi, oring'i na taimingi belti mpya. Siku tisa. Iko ndani ya Discovery ya mwalimu mmoja wa hapa Karatu, na kihisi cha hedi nimemfungia bure.